Risasi Zilizolala Majini

Kila Jumamosi asubuhi, nikishafagia uwanja na kujaza mtungi, baba aliniita barazani tuchague risasi. Wenzangu waliitwa na mama zao kuchagua mchele. Mimi niliitwa na baba kuchagua risasi, na ungo ulikuwa uleule wa mchele. Mama hakulipenda jambo hilo hata kidogo. Alisema siku moja atatupikia pilau ya baruti, na baba akamjibu kuwa huenda ikawa tamu.

Ulikuwa mwaka 1956, nje kidogo ya Kigombe, kwenye kambi ya wakata mkonge. Baba yangu, Asheri, alikuwa Msambaa aliyeshuka kutoka milimani kuja kukata mkonge kama wengine. Kwa kuwa mkono wake ulikuwa mtulivu na hakuwa mtu wa maneno mengi, alipewa kazi ya kulinda mashamba ya mahindi ya wafanyakazi na ya wanakijiji tuliopakana nao. Adui yake alikuwa ngedere. Mtu asiyelima hudhani ngedere ni mnyama wa kuchekesha. Aje alime kwanza! Kundi moja likiingia shambani, haliridhiki na mahindi mawili matatu. Linavunja hindi, linauma mara moja, linatupa, linavunja jingine. Asubuhi moja tu yatosha kumaliza chakula cha watoto cha miezi mitatu.

Bunduki ya baba ilikuwa ndogo. Mtutu wake ulikuwa mwembamba hata kidole changu cha mwisho hakikuweza kuingia. Ilikuwa mali ya shamba la mkonge, lakini leseni ilikuwa na jina lake, na risasi zake zilitolewa kwa kibali, pakiti moja moja.

Tulipochagua, tulizimwaga kwenye ungo tukaziokota moja moja. Yenye kutu ya kijani, kando. Yenye ganda lililobonyea, kando. Yenye kichwa kinachocheza ukikigusa, kando. Baba alimwambia kila mtu kuwa macho yangu ni makali kuliko yake. Nami, nisifiche, nilivimba kichwa.

Mwezi wa tano alileta aina mbili za risasi kutoka Tanga mjini ili azijaribu. Alibandika karatasi ya daftari langu kwenye kichuguu, akahesabu hatua hamsini, akaniweka nyuma yake. Alipiga tano za aina ya kwanza, zenye kichwa laini kilichotobolewa kitundu kidogo mbele. Tulipokwenda kutazama, niliyafunika matundu yote matano kwa kifuniko cha kopo la maziwa. Kisha akapiga tano za aina ya pili, ngumu, zilizofunikwa shaba, zinazong'aa kama hereni. Hizo zilitapakaa karatasi nzima. Moja ilikosa kichuguu kabisa, ikagonga jiwe la matumbawe, ikalia wiii ikapita juu ya miti.

"Umeisikia?" baba aliniuliza. "Hiyo imekwenda kuangukia wapi?"

"Sijui, baba."

"Na mimi sijui. Risasi nisiyojua imeishia wapi, siitaki. Nyuma ya mashamba yetu kuna kisima, na kisimani kuna watu. Hii laini ikigonga kitu inabonyea, inasimama papo hapo. Na inakwenda pale ninapoitazama."

Basi akachagua zile laini. Zilizopita kwenye ungo tulizitia katika kopo la maziwa ya unga lenye kifuniko cha kubana, tukaliweka juu ya rafu. Kufunga kopo ilikuwa kazi yangu. Amri ilikuwa moja tu: kopo lisishuke rafuni baba asipokuwepo.

Jumanne moja ya mwezi wa sita, mama akiwa Lushoto anamuuguza bibi, baba alikwenda Tanga kugongesha muhuri leseni yake. Alisema atalala hukohuko mjini, Usagara, kwa ndugu yake, nami nilale kwa jirani yetu Mzee Uweso, ambaye binti yake, Mastura, alikuwa rafiki yangu. Jioni Mastura alikuja kunichukua.

"Watu wanasema unachagua risasi," aliniambia. "Mie siamini. Mtoto wa kike na risasi wapi na wapi?"

Maneno hayo yalinichoma. Nikapanda kigoda, nikalishusha kopo, nikakaa naye ukingoni mwa baraza. Nilimwonyesha jinsi ya kutazama kutu na jinsi ya kupapasa ganda. Nilijifanya mwalimu hasa, na fimbo tu ndiyo niliyoikosa.

Ghafla mvua ikashuka. Mastura akaruka. "Mbata zetu!" Nazi zao zilikuwa zimeanikwa uwanjani kwao juu ya jamvi. Nikalirudishia kopo kifuniko kwa kiganja, bila kukibana, nikamkimbilia nikamsaidie. Tuliokota mbata, tukakunja jamvi, tukaingia ndani tukicheka, tumelowa chapachapa. Kopo sikulikumbuka tena.

Nililikumbuka asubuhi. Nilikimbia nyumbani, na moyo ulikuwa unadunda kabla sijafika. Kifuniko kilikuwa chini kwenye tope. Kopo lilikuwa palepale, chini ya mchirizi wa paa, limejaa maji hadi juu. Risasi zilikuwa zimelala mle ndani usiku kucha.

Nilianza kulia. Pakiti nyingine isingepatikana mpaka kibali kipya, na mahindi ya watu yalikuwa yanakomaa. Zaidi ya hayo, baba angejua kuwa nimevunja amri yake.

"Unalilia nini?" Mastura aliniuliza. "Mbata zetu hunyeshewa kila leo. Tunazianika, zinakauka, mafuta yanabaki mlemle. Hebu tuzianike na hizi."

Sisi tulikuwa watoto wa mwambao. Tulijua mvua inavyolowesha na jua linavyokausha. Tulizipanga risasi juu ya jamvi katikati ya mbata, tukazigeuza kila mara. Jua lilikuwa kali. Kufikia alasiri zilikuwa kavu, zinapendeza, safi kuliko hapo awali. Nikazifuta kwa kanga, nikazirudisha kwenye kopo, kopo nikalirudisha rafuni.

Baba alirudi jioni. "Hujambo, mwanangu?"

"Sijambo, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Kopo limefungwa?"

"Limefungwa."

Lilikuwa limefungwa kweli. Lakini tangu niliposema neno hilo, sikumtazama tena usoni.

Jumamosi ikafika. Baba alimwaga risasi kwenye ungo, akaziokota moja moja, akazigeuza kwenye mwanga. Niliificha mikono yangu chini ya kanga. "Leo hata moja ya kutupa hakuna," alisema. "Bertha, umezitunza." Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Mchana huohuo Mzee Uweso alipiga hodi, amekunja uso. "Asheri, ndugu yangu, wameingia. Kundi zima. Wallahi wamekula safu nne nzima upande wa mferejini."

"Kesho alfajiri," baba alisema.

"Kesho si Jumapili kwenu?"

"Ngedere hawajui Jumapili. Tutawawahi kabla ya kengele ya kanisa."

Mzee Uweso aliutazama ungo, akacheka. "Nawe umezidi. Risasi ni risasi. Unazibembeleza utasema mayai."

Baba hakucheka. "Nilipokuwa Korogwe nilifanya kazi na mtu mmoja, Kristofa. Risasi zake zilipata maji mtoni. Akazikausha, akaziona nzuri, akazitumia. Baruti iliyolowa haina nguvu, Uweso. Fataki ya kitakoni inawaka, kichwa cha risasi kinatoka kwenye ganda, kinafika katikati ya mtutu, kinakwama hapo. Mtu anasikia puf badala ya pa. Akidhani amekosa tu, akatia nyingine, hiyo ya pili inakuta njia imezibwa."

"Halafu?"

"Halafu chuma kinapasuka mkononi mwako. Kristofa alikuwa na vidole kumi. Sasa ana saba, na jicho moja."

Niliutazama mkono wa kushoto wa baba, ule unaoshika mtutu. Ulikuwa umekaa juu ya goti, na vidole vyake vyote vitano.

Ningeweza kusema palepale. Kopo lilikuwa mbele yetu. Lakini Mzee Uweso alikuwapo, na sifa zote nilizopewa zilikuwa masikioni mwangu, nami niliogopa. Nikajiambia nitasema akiondoka. Akaondoka. Nikajiambia nitasema baada ya chakula. Tulipokwisha kula nilimwita.

"Baba."

"Naam, mama."

"Nilitaka kusema... lala salama."

"Nawe pia."

Nilijiambia nitasema kesho, akiamka. Lakini nililala vibaya, nikapitiwa na usingizi wakati watu wengine wanaamka. Nilipofumbua macho kulikuwa kweupe. Msumari wa kutundikia bunduki ulikuwa mtupu, na rafuni kopo halikuwapo.

Sikuvaa hata kandambili. Nilikimbia.

Hapa lazima nieleze jinsi walivyowinda, maana bila hilo hutaelewa hofu yangu. Upande mmoja wa shamba palikuwa na dungu, jukwaa refu la miti, na baba alikaa juu yake ili kila risasi ielekee chini, ardhini. Upande wa pili, nyuma ya mfereji wenye kingo ndefu, walisimama wapiga madebe kuwafukuza ngedere watoke kwenye mahindi. Sheria ilikuwa hivi: madebe yakilia, hakuna mtu ndani ya shamba. Madebe yote yakinyamaza, kuna mtu, na bunduki inawekwa chini mara moja.

Niliyasikia madebe tangu nikiwa mbali. Kelele zake zilijaza dunia nzima. Nilimwona baba juu ya dungu, mdogo kama kidole, bunduki begani. "Baba!" nilipiga kelele. "Baba, usipige!" Hata mimi mwenyewe sikujisikia.

Njia fupi ilikuwa kupita katikati ya mahindi. Niliingia hatua tano, mahindi yakatikisika juu ya kichwa changu, nikasimama ghafla. Ngedere nao hutikisa mahindi vivyo hivyo. Kutoka juu ya dungu, mimi na ngedere tungekuwa kitu kimoja. Najua baba hakuwahi kupiga kitu asichokiona chote, alishaniambia mara mia, lakini wakati ule miguu yangu haikujua lolote. Nilirudi kinyumenyume, nikazunguka kwa njia ya mfereji.

Wa kwanza kumfikia alikuwa Mastura. Nikamvuta bega.

"Una wazimu?" alinipigia kelele sikioni. "Baba yako anapiga!"

"Amepiga ngapi?"

"Mbili! Ya kwanza ngedere ameanguka. Ya pili nimemwona tu amelenga, wala sikusikia mlio. Amekosa!"

Hakukosa. Nilijua mahali risasi ile ilipo. Nikatazama juu, nikamwona baba anavuta chuma cha nyuma cha bunduki, anatia nyingine. Kelele za madebe zilikuwa zimemziba masikio, hakuisikia ile puf.

"Nyamaza!" nilimlilia Mastura. "Zile risasi! Za mbata!"

Mastura akaelewa. Uso wake ulibadilika, akaliachia debe likabingirika hadi mferejini. Mdogo wake, Msafiri, aliyekuwa hatua thelathini mbele, alipoona dada yake amenyamaza naye akanyamaza. Likabaki debe moja, la Mzee Uweso, mwisho kabisa wa shamba, naye alikuwa ametugeuzia mgongo, anapiga kwa hasira ya safu zake nne.

Nilikimbia kando ya mfereji. Matope yalinivuta miguu, nikaanguka, nikainuka. Nilimtazama Mzee Uweso, nikamtazama baba. Baba aliinamisha shavu kwenye kitako cha bunduki. Mkono wa kushoto ulikuwa chini ya mtutu. Nilianza kuomba kwa sauti, sijui niliomba nini. Nilipobakisha hatua chache nikaokota donge la tope, nikamtupia Mzee Uweso mgongoni.

Aligeuka na fimbo juu, tayari kunichapa. Aliponiona nilivyo, fimbo ikabaki hewani. Debe likanyamaza.

Shamba zima likawa kimya. Nilifumba macho, nikingojea mlio. Haukuja. Nilipoyafumbua, baba alikuwa ameinua shavu. Taratibu akaishusha bunduki, akaelekeza mdomo wake mbali, akasimama kutazama nani yumo shambani.

"Baba, usipige!" Sasa sauti yangu ilisikika hadi kisimani. "Risasi zililowa! Mimi ndiye niliyezilowesha!"

Alishuka. Hakuniuliza kitu kwanza. Aliitoa ile risasi iliyokuwa tayari ndani, akaitia mfukoni. Akachukua ufito wa chuma wa kusafishia, akauingiza kwa mbele ya mtutu. Ufito ukateleza, ukateleza, kisha ukagota. Tk. Akausukuma tena. Tk. Haukupita.

Aliubana ufito kwa ukucha wa kidole gumba pale ulipoishia kwenye mdomo wa mtutu, akauchomoa, akaulaza nje ya mtutu ili kupima umefika wapi. Ncha yake iliishia palepale ambapo mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshika. Sote watano tulipaona. Mzee Uweso alisema "La ilaha illallah" kwa sauti ya chini. Msafiri akamshika baba yake kanzu.

Baba aliketi chini. Sikuwahi kumwona baba ameogopa, na siku ile nilimwona. Nilimweleza yote nikilia: kopo, baraza, mvua, jamvi la mbata. Mastura akasogea, akasema, "Na mimi, Baba Bertha. Kuzianika ilikuwa shauri langu." Sijamsahau kwa hilo.

Baba aliulaza ufito kando. Kisha akasema:

"Bertha, kuacha kopo nje ni kosa la mtoto. Mvua imewahi kuninyeshea na mimi. Lakini sikiliza. Jana nimezishika risasi zile moja moja, nimezitazama kwenye jua, nikaziona nzuri. Maji yako ndani, na jicho haliingii ndani ya ganda. Duniani kulikuwa na watu wawili tu waliojua, na nyote wawili mlinyamaza. Siku nne ulikuwa na vidole vyangu mkononi mwako, mwanangu. Neno moja lingetosha."

"Niliogopa, baba."

"Najua. Hata leo uliogopa, nami nimekuona kutoka juu unavyoanguka kwenye matope. Lakini leo umesema ukiwa na hofu. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Usingoje hofu iishe ndipo useme, maana haiishi, inakua. Sema mapema, ingali ndogo."

Akamgeukia Mzee Uweso. "Na mimi ninalo kosa. Risasi ikipigwa na kitu kisianguke, ilinipasa nitazame ndani ya mtutu kwanza. Madebe yameniziba masikio, nikafanya haraka."

Kesho yake alinichukua ofisini kwa shamba la mkonge nikaeleze kwa mdomo wangu. Nilieleza yote. Karani aliandika, risasi zote zikachukuliwa zikaharibiwe, na bunduki ikapelekwa kwa fundi mjini. Wiki tatu tulikaa bila bunduki. Wiki tatu hizo mimi na Mastura tuliamka alfajiri kila siku, tukapiga madebe mpaka saa ya shule, mikono ikatoka malengelenge. Ngedere walikula kidogo, lakini mahindi yalivunwa, na safu za Mzee Uweso zilitoa magunia yake.

Sikudhani baba angeniita tena barazani. Nilimwona amepata pakiti mpya, nikajifanya nina kazi jikoni.

"Bertha!" aliita Jumamosi ile. "Ungo uko wapi?"

Niliuleta huku machozi yananitoka. Tulichagua kama zamani. Tulipomaliza alilishika kopo, lakini hakulifunga. Alinitazama.

"Kuna la kuniambia kabla hatujafunga?"

Niliziangalia. Zote ziling'aa. Moyo ukaanza kunidunda, nami nikakumbuka kuwa unapodunda ndipo pa kusema. Nikaichagua moja kutoka katikati.

"Hii iliniponyoka ikaangukia kwenye umande. Nimeifuta. Sioni kasoro yoyote, lakini sina hakika nayo."

Baba aliipokea. Ilikuwa nzuri, pengine nzuri kuliko zote. Hakuigeuza kwenye mwanga wala hakuipapasa. Aliiweka kando, pamoja na mbovu, kisha akanipa kopo nilifunge.